Naomba Laini

Kwa miaka yote ambayo Verna Prystupa alikuwa karani wa shule ya sekondari ya Kalder, droo ya dawati lake ilikuwa gereza la simu. Mtoto aliyekamatwa na simu darasani aliletwa kwake. Verna hakufoka wala hakuhubiri. Alinyoosha kiganja, akasubiri, na hakuna mtoto, hata wale wenye vichwa vya mbuzi, aliyewahi kukiacha kiganja kile kitupu. Siku aliyostaafu walimwandalia keki yenye umbo la simu. Aliikata vipande uso ukiwa mkavu, akawagawia walimu wote, kisha akaenda chooni akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Basi mtu wa namna hiyo, figo zake zilipogoma kazi, akapangiwa kiti jirani na Duane Lachance.

Aliyepanga viti hakuwa na nia mbaya. Chumba cha kusafishia damu hapa Kalder ni kidogo, viti vimefuata ukuta, na kila mgonjwa hukaa na mashine yake mchana mzima, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkono mmoja una sindano mbili na hautakiwi kutikisika. Kwingineko mtu akikukera na simu yake unamwambia samahani, ongelea nje kidogo. Pale hakuna wa kutoka nje. Mwenye kelele amefungwa kwenye kiti, na anayepigiwa kelele amefungwa vilevile.

Duane alikuwa dereva wa malori makubwa, Mmetisi, yaani mzawa wa Wazungu na wenyeji wa asili wa Kanada, mwenye ukoo uliotapakaa kutoka Saskatchewan hii yetu mpaka kwenye visima vya mafuta vya Alberta. Alikuwa na kitambi, kicheko, na simu isiyojua kunong'ona. Aliiegemeza juu ya kitambi hicho, akafungua spika, akaanza kuwapigia ndugu zake mmoja baada ya mwingine, na chumba kizima tukazijua habari za ukoo wa Lachance kuliko tulivyojua za kwetu.

"Curtis, habari yako. Unakumbuka lile gari lako nililolivuta kwenye theluji?"

"Nakumbuka, kaka. Nilishakushukuru lakini."

"Hukunishukuru vya kutosha. Sasa sikia, nataka figo."

"Figo ya nini?"

"Ya kukaanga. We mjinga nini? Figo ya kuniwekea mimi mwilini. Unazo mbili, nipe moja, moja ubaki nayo. Tutakuwa sare."

Upande wa pili ulicheka, ukakohoa, ukasema utaongea na mke. Duane akasema haya, msalimie, mwambie nampenda na figo ya mumewe naipenda zaidi. Kisha akabonyeza jina jingine.

Verna alivuta blanketi mpaka kidevuni. Aliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mwenzake ndani. Si kwa sababu ya kelele tu. Mtu mzima, mwenye akili zake, anaomba kiungo cha mwili wa mwenziwe kama anayeazima ngazi. Huku kwetu mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayeomba radhi. Ukiwa na njaa kwa jirani, unasifia harufu ya chakula chake na kusubiri. Akikukaribisha, unakataa mara ya kwanza. Kuomba waziwazi ni tabia ya watoto na walevi.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo Verna hakumwambia mtu. Daktari wake alikuwa amemweka kitini mwezi wa kwanza wa matibabu akamuuliza, "Mama Verna, una ndugu wa tumbo moja?"

"Ninaye dada yangu, Doreen. Yuko Lethbridge."

"Mzima?"

"Anatembea kuliko mimi nilivyotembea nikiwa msichana."

"Umeshamwomba?"

"Tunaongea kila Jumapili," alisema Verna.

Daktari alimtazama kidogo. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. "Foleni ya kusubiri figo ya marehemu ni ndefu," alisema. "Mishipa yako haipendi sindano, na umri unakwenda. Sikutishi. Lakini kama ningekuwa na dada, ningempigia leo."

Verna alimshukuru, akamuuliza habari za mtoto wake mchanga, akaenda nyumbani. Jumapili Doreen alipiga. Wakaongea theluji ya Kalder, wakaongea upepo wa Lethbridge, wakaongea goti la Walt, mume wa Doreen, ambaye naye alikuwa akisikiliza kwenye simu ya jikoni na kuchomekea neno. "Na wewe je, afya?" aliuliza Doreen. "Naendelea," alijibu Verna. "Vizuri," alisema Doreen. "Haya, nisikukalie laini." Simu ikakatwa. Ikawa hivyo Jumapili ile, na iliyofuata, na mwaka ukazunguka.

Maneno hayo ya kukalia laini yalikuwa ya mama yao. Walikulia shambani kaskazini ya mji, enzi ambazo waya mmoja wa simu ulihudumia nyumba zote za barabara ile. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake. Wa kina Prystupa ulikuwa mrefu mara mbili na mfupi mmoja. Ukinyanyua mkonga wa simu ukamkuta jirani anaongea, uliurudisha polepole. Au hukuurudisha, ukasikiliza, lakini kesho yake ulijifanya hujui kitu. Na wewe ukiongea, hukuongea sana, maana palikuwa na wengine wanaosubiri. Mama yao aliwasimamia nyuma ya bega. "Usikalie laini," aliwaambia. "Kuna mwenye shida kuliko wewe." Mabinti wale wawili waliyameza maneno hayo pamoja na maziwa.

Sasa Verna alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulionekana mzuri ukiutazama kwa mbali. Angempigia Doreen mchana, siku ya kazi, wakati Walt yuko mgahawani na wazee wenzake, na Doreen yuko peke yake na kikombe chake. Siku za Walt za mgahawa zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zilezile ambazo Verna huwa kitini kwenye mashine. Kwa hiyo angepiga kutoka kitini. Lakini nani aombe jambo kama hilo huku Duane Lachance anabishana na shangazi yake kwa spika? Kukipatikana utulivu tu, alijiambia, nitapiga. Kwa hiyo alikunja mikono ya sweta akaenda kuutafuta utulivu, na akikitaka kitu, Verna hakuwa mtu wa kukitafuta kwa mkono mmoja.

Alianza kwa adabu. "Samahani, Duane," alisema. "Sijui kama unafahamu kwamba tunasikia."

"Nafahamu. Mimi mwenyewe nasikia."

"Ningeshukuru kama ungetumia hedifoni."

"Zinaniingia masikioni kama sindano, Mwalimu Mkuu, na sindano ninazo za kutosha." Aliinua kidogo mkono wake wenye mipira ya mashine, mashine ikapiga kelele, muuguzi akaja mbio kuizima.

"Mimi sikuwa mwalimu mkuu," alisema Verna. "Nilikuwa karani."

"Ndio mbaya zaidi. Mwalimu mkuu unaweza kumdanganya."

Mzee Enns, aliyekaa upande wa dirisha na ambaye siku zote tulidhani amelala, alitoa mguno uliofanana na kicheko. Verna akamwona adui wa pili.

Alikwenda kwa Marivic, muuguzi msimamizi, mama wa Kifilipino mwenye subira ya mpishi wa maharage. Marivic alisema haoni ubaya wa simu, watu wanachoka kukaa bure, lakini kama wagonjwa wenyewe wanataka utaratibu, waulizwe. Wakaulizwa. Hapo Verna alijua ameshinda, maana aliwajua watu wake. Nani huku kwetu atasimama mbele za watu aseme napinga adabu? Kila mmoja alisema kwamba yeye binafsi hasumbuki, ila kama kuna anayesumbuka, basi. Hata Duane alinyanyua bega. Karatasi ikabandikwa mlangoni, kwa mwandiko wa Verna ulionyooka: simu zizimwe milio, spika hapana, maongezi yawe ya dharura tu.

Kimya kikaingia. Kilikuwa kimya kweli, mashine zikivuma na kurasa zikifunuliwa, na mchana wa kwanza Verna alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu augue. Siku ya pili aliitoa simu kwenye mkoba, akalitafuta jina la Doreen, akalitazama. Kioo kikazimika. Akakiwasha tena.

Je, hii ilikuwa dharura? Alijiuliza kwa uaminifu, kama anavyojiuliza mtu anayetafuta kusamehewa kazi. Hakuwa anakufa leo. Na mwandishi wa sheria akiwa wa kwanza kuivunja, watu watasemaje? Akairudisha simu mkobani. Jumatano alisema Ijumaa. Ijumaa alisema Doreen atakuwa anaoka mikate. Theluji ikayeyuka, matope yakaja, wakulima wakaanza kuulizana lini watapanda. Kila Jumapili Verna na Doreen waliyaongea hayo matope kikamilifu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Verna hakuwa akiyaficha maradhi, yalijulikana mji mzima. Alichokuwa akikificha ni kwamba anataka kupona.

Mwezi wa tano ulipoingia, Duane alikuwa amebadilika. Utani ulimwisha. Alikaa akitazama dari, simu imelala kifudifudi juu ya blanketi, na rangi yake haikuwa nzuri. Verna alistahimili wiki nzima kisha akashindwa.

"Umenuna," alimwambia.

"Naheshimu sheria."

"Kuheshimu sheria hakuhitaji uso kama huo."

Duane aligeuza kichwa. "Unataka kujua kweli, au unataka niseme naendelea vizuri?"

Verna alitaka aseme anaendelea vizuri. "Kweli," alisema.

"Mimi natoka mbali. Alfajiri niko barabarani. Nikitoka hapa mpwa wangu ananirudisha, nafika nimezimika kama gogo, siamki mpaka kesho. Siku nisizokuja hapa naendesha lori la mchanga pale kwenye machimbo, na bosi hataki kuona simu. Ndugu zangu wako visimani, wanapata mapumziko ya chakula mchana, saa hizi hizi. Hapa kitini ndio nilikuwa na nafasi yangu. Nilikuwa nimefika kwa binamu Tracy. Alisema nimpigie tena wiki ile ile uliyobandika karatasi."

"Ungesema," alisema Verna. "Siku tulipoulizwa, ungesema."

"Mbele ya watu wote? Niseme kwamba adabu inaniua?" Duane alicheka kidogo, bila furaha. "Hata mimi nimezaliwa huku, Verna."

Verna aliitazama karatasi yake pale mlangoni. Uso ulimwaka moto. Alikasirika, kwanza na Duane kwa kukaa kimya, kisha na Marivic kwa kukubali, na walipokwisha hao akabaki yeye, na kwake hasira ilikaa muda mrefu. Amemnyang'anya mtu simu. Ameitia kwenye droo ileile, na safari hii aliyefungiwa humo ni figo ya mtu.

"Na wewe?" aliuliza Duane. "Umemwomba nani?"

"Bado sijaomba."

"Huna watu?"

"Ninaye dada."

"Anajua kwamba unaumwa?"

"Anajua."

"Basi?"

"Kwetu hatuombi," alisema Verna.

Duane alimtazama kwa muda, jinsi anavyotazamwa mtu anayesimama kwenye reli akisema treni ina adabu, itapita pembeni. Lakini hakumtania. Alisema tu, "Ohoo," akarudi kwenye dari yake.

Mashine ilipomaliza kazi na sindano kuchomolewa, Verna alikaa kama inavyotakiwa, akabana pamba mkononi mpaka damu ikakata. Kisha akaenda mlangoni akaibandua karatasi yake, akaikunja, akaitia mkobani. Marivic alimwona akaendelea na kazi yake. Ijumaa Verna alikuja na hedifoni zile kubwa za kufunika sikio kwa nje, alizonunua mwenyewe, akamtupia Duane mapajani.

"Hizi haziingii ndani," alisema. "Spika hapana. Ukipaza sauti nitakutazama. Mpigie Tracy."

"Sasa hivi?"

"Mapumziko ya chakula hayakusubiri wewe."

Duane akampigia Tracy. Sasa tulisikia upande mmoja tu wa maongezi, na kwa sauti ya mtu aliye kanisani, lakini ombi lilikuwa lilelile, uchi kabisa: nataka figo, yako inaweza kunifaa, utakubali wakupime? Verna alijifanya anasoma. Alimsikia akikataliwa. Tracy alikuwa na watoto wadogo, aliogopa. "Haya, mpenzi wangu, nimekuelewa," alisema Duane, "wabusu watoto." Akakata, akavuta pumzi, akalifuta chozi moja kwa kiganja cha dereva, akapiga jina lililofuata. Yule naye akakataa. Wa baada ya hapo alikuwa Curtis, mwenye deni la kuvutwa kwenye theluji. Mkewe alikuwa amesema sawa. Angekwenda kupimwa.

Jambo lililomshangaza Verna halikuwa Curtis. Lilikuwa wale waliokataa. Duane alikuwa amekataliwa na nusu ya ukoo, na bado alikuwa pale, anaomba juisi ya tufaha na kulalamika kuwa ni kidogo. Wiki iliyofuata mmoja wa waliokataa alimpigia mwenyewe kumpa habari ya mechi ya magongo. Verna maisha yake yote alidhani kukataliwa kunavunja kitu kisichoungika. Alimtazama mwenzake kwa makini na hakuona kilichovunjika.

Jumapili Doreen alipiga. Mvua ya mawe imeharibu mboga Lethbridge. Verna alifungua mdomo. "Na wewe, afya?" aliuliza Doreen, na Walt akakohoa kwenye simu ya jikoni. "Naendelea," alisema Verna, na neno lilipomtoka alitamani kulikamata kwa meno.

Jioni ile aliketi mezani akikanda unga wa pirogi za kanisa, zile sambusa za viazi zinazochemshwa. Yeye mwenyewe hawezi kuzila, viazi havipatani na figo zilizochoka, lakini hakuna parokia inayojali hilo. Akakumbuka siku mkono wa baba yao uliponaswa na mashine ya kufunga nyasi. Doreen alikuwa amekimbilia shambani. Verna, msichana mdogo, alisimama jikoni akamwona mama yake akinyanyua simu, na laini ina watu, wanawake wawili wanaongea habari ya vitambaa. Mama huyu, ambaye hajawahi kumkatiza mtu maishani mwake, alisema kwa sauti ambayo Verna hakuwahi kuisikia kabla wala baadaye: "Naomba laini."

Hakusema samahani. Na wale wanawake hawakuuliza sababu. Ndiyo ilikuwa desturi: mtu akisema hivyo, unaweka chini papo hapo. Simu zikalia kak, kak, kak, barabara nzima, maana waliokuwa wakisikiliza walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakiongea. Kabla daktari hajatoka mjini uwanja wao ulikuwa umejaa majirani ambao hawakupigiwa na mtu. Baba alipona, mkono ukabaki mgumu kidogo.

Verna aliacha kukanda. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa ameibeba nusu moja tu ya mafundisho ya mama yake. Kuna mwenye shida kuliko wewe, ndiyo. Lakini ikija siku ya shida yako, unaikatiza laini, na unaikatiza kwa sauti.

Jumatatu hakusubiri utulivu. Chumba kilikuwa na zogo lake la kawaida. Televisheni ilikuwa ikionyesha watu wanaouza majiko, Duane alikuwa na hedifoni zake anamcheka mtu, mgonjwa mgeni alikuwa akitazama video isiyozimwa sauti. Sindano ziliingia. Marivic alifunga plasta. Verna aliishika simu kwa mkono ulio huru, akajinyoosha kwenye kiti kama aliyeitwa mbele ya bodi ya shule.

"Jamani," alisema. "Naomba laini."

Wengi hawakuelewa. Mgeni wa video alitazama huku na huku. Lakini Mzee Enns, yule tuliyedhani amelala, alifumbua macho, akaichukua rimoti akaizima televisheni. "Mmemsikia," alisema. "Amesema anaomba laini. Wekeni chini."

Duane alivua hedifoni. "Nakata," aliiambia simu. "Hapana, sijafa. Kuna mtu anataka laini."

Simu iliita Lethbridge. Iliita muda mrefu.

"Verna?" alisema Doreen. "Leo si Jumapili. Kuna nini? Huku kumeanza kukauka kidogo, Walt anasema wakulima..."

"Doreen, sikukupigia habari ya mvua."

"Haya."

"Figo zangu zimekwisha. Nahitaji ya mtu. Naomba yako." Aliibana simu sikioni. "Unaweza kukataa. Hatutagombana. Lakini nakuomba."

Mashine zilivuma. Hakuna aliyemtazama Verna. Wote walitazama magoti yao, kwa adabu kubwa, na hakuna aliyekosa neno hata moja.

"Mwaka mzima," alisema Doreen hatimaye, na sauti yake haikuwa nzuri. "Mwaka mzima, Verna, naongea na wewe habari ya upepo."

"Najua."

"Hujui. Walt aliniambia tangu mwanzo, mpe mwenyewe, usingoje. Nikamwambia Verna akitaka atasema. Nikimtangulia nitamtia aibu, ataona namhurumia. Kila Jumapili nakuuliza afya yako, nasubiri. Unasema unaendelea. Nikajua basi, ya kwangu huitaki."

"Ningekataaje figo yako, Doreen?"

"Ulikataa piano ya mama."

"Haikupita mlangoni."

 Verna aligundua kwamba analia, na kwamba amekasirika mno, na kwamba ana furaha ambayo hajui aiweke wapi. Wangezikana hawa wawili kwa adabu. Mmoja angesimama juu ya kaburi la mwenziwe na maua mazuri, akisema hakuniomba.

"Nina presha," alisema Doreen. "Ndogo, ya vidonge. Wanaweza kunikataa."

"Basi wakukatae wao," alisema Verna. "Tusijikataze wenyewe."

"Nipe namba ya hao wapimaji."

"Marivic anayo. Atakusomea sasa hivi."

Marivic alikuwa ameshasimama pale, haijulikani tangu lini. Akaisoma namba polepole, Doreen akairudia, kalamu ikisikika ikikwaruza juu ya karatasi huko Lethbridge. Kisha Doreen akavuta kamasi, akasafisha koo, na tabia ya miaka yote ikamshika.

"Haya, nitawapigia leo leo. Sasa nisikukalie laini."

"Kalia," alisema Verna.

"Unasemaje?"

"Usikate. Nimefungwa hapa mpaka jioni. Niambie hizo mboga zilivyoharibika."

Doreen akaanza na kabichi. Verna aliegemea nyuma, simu sikioni, na chumba kizima kikaendelea kukaa kimya muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Mzee Enns alipowasha televisheni na watu wa majiko wakarudi.